Lokesheni kamili, ya takriban au ya kuchagua mwenyewe: ipi uipe programu ipi?

Ukipakua programu ya usafiri, ya hali ya hewa au ya nyakati za sala, moja ya maswali ya mwanzo kwenye skrini ni kama unairuhusu ijue ulipo. Wengi hujibu kwa mazoea. Yupo anayebonyeza kuruhusu kila kitu ili yaishe, na yupo anayekataa kila kitu kwa kuogopa kufuatiliwa, kisha analalamika kwamba dereva amekwenda kumsubiri mtaa wa pili. Wote wawili wana hoja. Shida ni kwamba wanatoa jibu moja kwa programu zote, ilhali kila programu ina mahitaji yake.

Tangu iOS 14 ya mwaka 2020 na Android 12 ya mwaka 2021, mwenye simu janja ana njia tatu: kuipa programu lokesheni kamili, kuipa ya takriban, au kuinyima ruhusa na kuchagua mji au mtaa kwa mkono wake. Hapa chini zote tatu zinapimwa kwa vipimo vilevile.

Vipimo vyenyewe

Kipimo kikuu ni ukubwa wa kosa linaloumiza. Jiulize: programu ikikosea kwa kilomita moja, napoteza nini? Kwa bodaboda, kilomita moja ni safari iliyoharibika. Kwa utabiri wa mvua, si kitu. Ukishajibu hilo, umeshaamua zaidi ya nusu. Vinavyobaki ni chaji na bando, hali inavyokuwa mtandao ukikata, nani anabaki na kumbukumbu ya ulipopita, na wapi njia hiyo huharibika.

Kwanza, simu inajuaje ulipo?

Ina vyanzo vitatu, na kuvijua kunaondoa nusu ya malalamiko.

Cha kwanza ni setelaiti za GPS na wenzake, yaani GLONASS, Galileo na BeiDou. Za GPS huzunguka kiasi cha kilomita 20,200 juu ya ardhi, na simu inahitaji kusikia angalau nne kwa wakati mmoja. Simu inapokea tu, haitumi chochote kwenda juu, ndiyo maana GPS hufanya kazi bila bando na hata simu ikiwa katika hali ya ndegeni. Ila taarifa za mahali zilipo setelaiti hushuka polepole, biti 50 kwa sekunde, hivyo simu isiyo na bando inaweza kukaa nusu dakika au zaidi kabla ya kujipata. Yenye bando huvuta taarifa hizo kwenye intaneti na kujipata ndani ya sekunde chache. Hapo ndipo lilipotoka lile dai la mtaani kwamba GPS haifanyi kazi bila bando. Inafanya, inachelewa tu. Uwanjani penye anga wazi, simu ya kawaida hukosea kwa mita 5 hivi.

Cha pili ni Wi-Fi. Simu haihitaji kuunganishwa na ruta. Inasikia tu ruta zilizo jirani na kuzilinganisha na orodha kubwa ya Google au Apple inayosema ruta fulani iko wapi. Mjini kosa huwa makumi ya mita. Cha tatu ni minara ya simu, na hapa kosa ni mamia ya mita mjini na kilomita kadhaa kijijini, kwa sababu mnara mmoja wa 2G unaweza kuhudumia hadi kilomita 35.

Kuna na njia ya nne isiyoomba ruhusa ya mtu: anwani ya intaneti ya simu yako. Mitandao ya simu hupitisha wateja wengi kwenye anwani chache, kwa hiyo mtu aliye Bukoba anaweza kuonekana yuko Dar es Salaam, na wa Lodwar akaonekana Nairobi. Ukiwasha VPN, programu inayopitisha intaneti yako kwenye kompyuta ya mbali (seva), utaonekana kokote ilipo seva hiyo. Basi ukiona tangazo la duka lililo mkoa mwingine kabisa, si lazima simu imekosea kukupata. Huenda haikupewa ruhusa na imekisia.

Lokesheni kamili

*Usahihi.* Programu inapata kila kilichopo: setelaiti, Wi-Fi na minara kwa pamoja. Nukta ya bluu kwenye ramani inazungukwa na duara hafifu, na duara hilo ndilo la kutazama kuliko nukta yenyewe. Kwenye Android, kipenyo chake kimekokotolewa ili uwezekano wa wewe kuwa ndani yake uwe asilimia 68. Maana yake ni kwamba karibu mara moja katika kila tatu uko nje ya duara, na bado simu haijavunja ahadi. WhatsApp nayo, ukitaka kutuma lokesheni, huandika usahihi kwa mita. Ikisema 200, subiri. Ikishuka chini ya 20, tuma.

*Chaji na bando.* Ndiyo yenye ulaji mkubwa kuliko zote. GPS ikiwaka mfululizo na skrini ikabaki wazi, betri iliyochoka haimalizi safari ya nusu siku. Bando haliliwi na GPS bali na ramani zinazopakuliwa njiani. Ukipakua ramani ya mkoa mzima ukiwa kwenye Wi-Fi, gharama hiyo karibu yote inaondoka.

*Mtandao ukikata.* Hapa ndipo inapowashinda wenzake. Ukiwa njia ya Mikumi au Tsavo ambako mnara hausikiki, setelaiti bado zinasikika, na ramani uliyopakua inaendelea kukuonyesha ulipo.

*Nani anabaki na kumbukumbu.* Mwenye programu anaweza kujua nyumba unayolala, ofisi unayoshinda na msikiti au kanisa unalokwenda, bila wewe kumwambia hata jina. Ruhusa ya "wakati wote" ndiyo ya kuogopa zaidi. Ya "wakati wa kutumia tu" inatosha kwa karibu kila kitu. Kwa programu unayoitumia mara moja, Android na iPhone zote zina ruhusa ya "mara hii tu".

*Panapoharibika.* Hapa pana mengi.

Majengo marefu hurudisha mawimbi ya setelaiti kabla hayajafika kwenye simu, na simu ikadhani imesafiri. Kariakoo na katikati ya Nairobi nukta huruka barabara nzima. Mji Mkongwe wa Zanzibar ni mgumu zaidi kwa sababu vichochoro ni vyembamba na kuta za mawe ni nene. Pini inaweza kutua nyumba ya tatu kutoka ulipo. Hata ikitua sawasawa haimsaidii dereva, maana gari haliingii. Weka pini Darajani au Forodhani, umalizie kwa miguu.

Barabara pana zina mtego wao. Kwenye Barabara ya Morogoro, Dar es Salaam, njia za mabasi ya mwendokasi ziko katikati. Kosa la mita 15 linatosha kuipeleka pini upande wa pili, na dereva akishafika huko hawezi kukata kuja kwako. Anakwenda mpaka penye mgeuko. Thika Road nako, pini ikikaa kwenye barabara kuu badala ya ile ya pembeni, gari linapita mbele yako bila pa kusimama. Kwa hiyo hata ukiwa na lokesheni kamili, vuta ramani karibu, iburute pini hadi upande wako, kisha andika alama: geti jeusi, duka la dawa, chini ya mwembe.

Ruta iliyohama ni kosa lisilojulikana sana. Mtu akihama kutoka Mombasa kwenda Nairobi na ruta yake, orodha inaweza kubaki ikisema ruta iko Mombasa kwa muda, na simu iliyo ndani ya nyumba ikaamini. Toka nje uone anga, au zima utafutaji wa Wi-Fi kwenye mipangilio ya mahali, na setelaiti zitarekebisha. Asiyetaka ruta yake iwemo kwenye orodha hizo anaweza kumalizia jina la mtandao wake kwa _nomap.

Mwisho, hali ya kuokoa betri. Kwenye simu nyingi huzuia lokesheni skrini ikizimika, na simu za bei nafuu huua programu zinazofanya kazi chinichini. Ndiyo sababu lokesheni mubashara ya WhatsApp, uliyoiweka kwa saa 1 au 8, inaganda njiani na wanaokusubiri wanadhani umepata ajali. Iondoe WhatsApp kwenye kizuizi cha betri kabla ya safari.

*Inamfaa nani.* Anayeita usafiri, anayeendesha, anayepeleka mizigo, anayetembea asikokujua.

Lokesheni ya takriban

*Usahihi.* Kwenye Android, programu inapewa eneo la kiasi cha kilomita za mraba 3, nawe uko mahali fulani ndani yake. iPhone hutoa eneo la kilomita kadhaa. Kwa maneno mengine programu inajua uko Mbagala, haijui uko mtaa gani wa Mbagala.

Hiyo inatosha kwa mambo mengi kuliko watu wanavyodhani. Chukua utabiri wa hali ya hewa. Mifumo mikubwa ya utabiri wa dunia huigawa ardhi katika visanduku vya upande wa kilomita 9 hadi zaidi ya 20. Ukiipa programu mita 5 zako, itazitupa ndani ya sanduku lilelile.

Nyakati za sala ni mfano mzuri zaidi, kwa kuwa hesabu yake iko wazi. Jua huchukua dakika 4 kuvuka digrii moja ya longitudo, na karibu na ikweta digrii hiyo ni kilomita 111 hivi. Kosa la kilomita 2 kuelekea mashariki au magharibi ni sekunde 4 tu. Kibla nacho hakitikisiki: ukikosea kilomita 2 ukiwa Dar es Salaam, badiliko halifiki hata sehemu ya kumi ya digrii. Kutoka Dar es Salaam, Makka iko karibu kaskazini kamili, ikiegemea mashariki kwa digrii 1 hivi. Mombasa ni pungufu ya digrii 1. Bujumbura tayari ni kama digrii 22 kutoka kaskazini kwenda mashariki, na Muscat unaelekea karibu magharibi kamili. Kinachopotosha kibla ni dira ya simu, na hiyo huvurugwa na sumaku ya kava, nondo za sakafu au bodi ya gari, kwa makumi ya digrii. Vua kava, sogea mbali na chuma, uizungushe simu hewani kwa umbo la nane mara kadhaa. Ruhusa ya lokesheni kamili haitibu hilo.

*Chaji na bando.* Kidogo. Kwa kawaida programu yenye ruhusa hii haiwashi GPS. Inatumia Wi-Fi na minara ambayo simu inaisikia hata hivyo.

*Mtandao ukikata.* Huu ndio udhaifu wake. Bila intaneti simu mara nyingi haiwezi kuuliza ruta au mnara fulani uko wapi, hivyo inabaki na mahali pa mwisho ilipopajua. Ukishuka kwenye basi Kigoma bila bando, programu inaweza kuendelea kudhani uko Dodoma.

*Nani anabaki na kumbukumbu.* Mwenye programu anajua mji na pengine kata. Hajui nyumba yako. Hata hivyo, programu uliyoingia kwa namba ya simu inajua mengine kukuhusu ambayo ramani haisemi. Ruhusa ya takriban inaziba tundu moja tu.

*Panapoharibika.* Programu ya usafiri iliyopewa takriban huweka pini popote ndani ya lile eneo, pengine kilomita nzima kutoka ulipo, na bei inayoonyeshwa inaanzia hapo. Ukiburuta pini hadi mlangoni, kazi inaendelea vizuri, ila kila safari utaburuta. Mpakani, eneo la takriban linaweza kuvuka na kukuweka nchi ya pili. Tatizo jingine hujificha: Android huondoa ruhusa za programu ambayo haijafunguliwa kwa miezi kadhaa. Programu ya sala uliyoiacha tangu Ramadhani iliyopita inaweza kuwa inahesabu kwa mji uliokuwa wakati huo.

*Inamfaa nani.* Anayetaka hali ya hewa, sala, habari za mkoani, maduka ya jirani. Na yeyote asiyeona sababu ya programu kujua mlango wake.

Kuchagua mahali mwenyewe

*Usahihi.* Ni sawasawa na unachoandika. Ukiandika "Tanga", unapata katikati ya Tanga. Lakini njia hii inaweza pia kuwa sahihi kuliko simu: ukibonyeza kwa muda juu ya paa la nyumba yako kwenye Google Maps, unapata Plus Code, msimbo wa herufi na tarakimu wenye alama ya + unaotaja kipande cha kiasi cha mita 14 kwa 14. Tuma msimbo huo pamoja na jina la mji kwa SMS ya kawaida, na mpokeaji ataubandika kwenye ramani yake. Hauchakai, hautegemei betri yako, na unaweza kuuandika ukutani. Tanzania, namba ya nyumba na jina la mtaa vilivyobandikwa kwenye operesheni ya anwani za makazi ya mwaka 2022 vinasaidia pia, mradi dereva ayajue majina hayo. Wengi wao bado wanauliza, "Uko karibu na nini?"

Ubora wa kweli wa njia hii haumo kwenye mita. Umo katika kwamba mahali unapopajali si lazima pawe hapo ulipo. Mtumishi wa Dodoma mwenye shamba Kilosa anataka mvua ya Kilosa. Mpemba aliye London anataka kujua kama bahari ya Pemba imechafuka na kama boti zinatoka. Programu inayojirekebisha yenyewe kwa mahali ilipo simu inawapa hawa jibu sahihi kwa swali ambalo hawakuuliza.

*Chaji na bando.* Karibu sifuri.

*Mtandao ukikata.* Programu inayojihesabia, kama ya sala, inaendelea bila kujali. Inayovuta taarifa, kama ya hali ya hewa, inakuonyesha ilichokiona mwisho.

*Nani anabaki na kumbukumbu.* Wanajua ulichoandika. Bado wanaweza kukisia nchi kwa anwani ya intaneti, lakini hawana mtaa wala ratiba yako.

*Panapoharibika.* Kusahau. Anayetoka Dar es Salaam kwenda Kigoma amekwenda magharibi karibu digrii 9.6, sawa na dakika 38 za jua. Simu iliyobaki na "Dar es Salaam" itaadhini sala ya magharibi zaidi ya nusu saa kabla jua la Kigoma halijazama, na aliyefunga akiiamini amekula mchana. Mwanza tofauti ni dakika 25 hivi, Dodoma 14. Kutoka Mombasa hadi Nairobi ni 11.

Majina nayo yanajirudia. Mwanza iko Tanzania na iko Malawi. Malindi ni mji wa pwani ya Kenya na ni mtaa wa Zanzibar. Ukishachagua, soma jina la nchi chini yake. Milimani chagua jina la juu, si la mji mkubwa wa karibu: Lushoto imeipita Mombo kwa karibu mita 1,000, na joto hushuka digrii 6 au 7 kwa mwinuko wa kiasi hicho. Utabiri wa Mombo utamponza anayepanda Usambara bila sweta.

*Inamfaa nani.* Asiyehama mara kwa mara, mwenye shamba au familia kwingine, mwenye betri mbovu. Mwenye kitochi hana njia nyingine: kwenye menyu ya nyota na reli anachagua mkoa na wilaya kwa namba, na huduma inamjibu kwa alichochagua.

Yale ambayo ruhusa ya lokesheni haiyaamui

Watu hulaumu lokesheni kwa makosa ya mipangilio mingine. Matatu hutokea sana.

Njia ya kuhesabu sala. Kuna wanaohesabu alfajiri jua likiwa digrii 18 chini ya upeo, wengine 18.5, wengine 15. Kwa ukanda wetu, tofauti ya digrii 3 ni kiasi cha dakika 12. Kwa alasiri, mfuasi wa Shafii, kama ilivyo kwa wengi wa pwani yetu, anachagua kivuli cha mara moja ya urefu wa kitu. Hanafi ni mara mbili. Baadhi ya programu hubadilisha njia zenyewe ukivuka nchi. Ukiona nyakati zimepishana na msikiti wa mtaani kwa dakika 10 na mji ni sahihi, kagua hapo kwanza.

Saa za eneo. Tanzania, Kenya na Uganda ziko saa 3 mbele ya saa ya dunia, UTC. Rwanda, Burundi na mashariki ya Kongo ziko saa 2. Simu hupokea saa kutoka mnara iliouunganika nao. Ukilala Rusumo upande wa Tanzania na simu ikashika mnara wa Rwanda usiku, kengele yako itachelewa saa nzima. Vivyo hivyo Mpondwe, upande wa Uganda, ikishika mnara wa Kasindi, upande wa Kongo. Zima saa ya eneo ya kujiweka yenyewe na uchague mji wako. Zima na utafutaji wa mtandao wa kujiendesha, uchague kampuni yako kwa mkono, la sivyo utakatwa pesa za rominga ukiwa nyumbani.

Nchi ya akaunti. Programu ya benki ya nyumbani isipoonekana kwenye duka la Google ukiwa Muscat au Toronto, tatizo mara nyingi ni nchi iliyoandikwa kwenye akaunti yako, si lokesheni ya simu. Google huruhusu kuibadili mara moja tu kwa mwaka, basi usiibadili kwa sababu ya programu moja.

Namna ya kubadilisha

Kwenye Android fungua mipangilio, ingia mahali, kisha ruhusa za programu, chagua programu. Weka "wakati wa kutumia" halafu washa au zima swichi ya mahali kamili iliyo chini yake. Maneno yanapishana kidogo kati ya simu na simu. Njia ya mkato ni kubonyeza alama ya programu kwa sekunde moja, kugusa taarifa zake, kisha ruhusa. Kwenye iPhone ni mipangilio ya faragha, huduma za mahali, jina la programu, na swichi ya mahali kamili iko hapo. Baada ya kubadili, ifunge programu kabisa na uifungue upya, vinginevyo baadhi huendelea na mahali pa zamani.

Kulingana na hali yako

Unaita teksi au bodaboda mara kwa mara: kamili, wakati wa kutumia tu. Simama nje ya bati na ukuta, subiri duara lipungue, buruta pini hadi upande wako wa barabara. Unaita mara moja kwa mwezi: takriban na kuburuta kunatosha.

Wewe ndiye dereva au unapeleka mizigo: kamili, ramani iliyopakuliwa, chaja ya pikipiki, na programu ya kazi iondolewe kwenye kizuizi cha betri. Wateja wa kudumu wahifadhi kwa Plus Code, usiwaombe lokesheni kila siku.

Unafuata nyakati za sala na unasafiri mikoani: takriban, na ufungue programu ukifika ukiwa na bando. Usiyesafiri, chagua mji kwa mkono na usiifikirie tena hadi utakapopanda basi.

Unalima mbali na unapoishi, au una wazazi kijijini: kwa mkono, tena uongeze sehemu mbili au tatu kwenye programu moja. Kwa tahadhari za mvua kubwa na upepo, Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutaja mikoa kwa majina, hivyo kujua mkoa wako kunatosha.

Unataka kukopa kwa simu: usitoe lokesheni kamili. Tangu Mei 2023 sheria za duka la Google zinakataza programu za mikopo binafsi kuomba lokesheni kamili, picha na orodha ya namba zako. Ikiomba, inakiuka masharti hayo au imepakuliwa nje ya duka. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na zote zinakupa haki ya kuuliza taarifa zako zinatumikaje.

Unamwelekeza mgeni nyumbani: akiwa njiani, mtumie lokesheni mubashara ya dakika 15 tu kama utamfuata barabarani. Ukimsubiri ndani, mtumie pini moja iliyotulia na alama ya kuonekana kwa macho, kwa sababu hatua 30 za mwisho ramani nyingi za mitaa yetu hazina.